Bado Tunapongezwa

Wanangu wana utani wao juu yangu. Wanasema Mama ukitaka kumtimua, mpongeze. Mwezi uliopita mjukuu wangu alipomaliza darasa la saba, shangazi zake walimkalisha kwenye kiti uani, wakammiminia kopo zima la poda kichwani na kupiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Ile poda ilipopanda hewani na harufu yake kunifikia, mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni, nimeegemea meza. Binti yangu akaja akanikuta nimeshika sufuria tupu. "Mama, ni pongezi tu," akasema, akacheka. Nami nikacheka, maana ningemwambia nini? Labda wa rika langu, waliokulia jirani na Ruvuma wakati ng'ambo kunapigwa vita, ndio watakaonielewa.

Kwetu, chini kule karibu na Kilambo, ambako maji ya mto yameshaanza kuwa na chumvi, "hongera" ya kupita njiani haikuwa kitu. Mtu akijaliwa jambo aliketi mlangoni kwake juu ya mkeka, na nyumba zote za mtaa zikaja, moja moja, kila moja na unga wake wa mtama kwenye bakuli. Mgeni anachota unga kidogo, anakugandamizia utosini na kwenye paji la uso, anasema, "Nakupongeza," nawe unajibu, "Napokea." Kisha anaketi, anazungumza habari za shamba na nguruwe pori, anakwenda zake. Hakuna haraka. Unga haupanguswi mpaka nyumba ya mwisho imekuja, na muda wote huo ukiulizwa habari unajibu, "Bado tunapongezwa," na hakuna anayeweza kukupeleka popote. Mwali haendi kwa mumewe, msafiri hafungi mzigo. Nyumba ya mwisho ikishapongeza, unajipangusa na kuondoka. Sijui kama ilikuwa desturi ya Wamakonde wote au ya mtaa wetu tu. Niliowahi kuwauliza kule Nanyamba walinishangaa.

Mimi kwa akili zangu za kitoto niliielewa kichwa chini miguu juu. Somoe, binti wa jirani aliyekuwa akinibeba mgongoni, nilimwona anapakwa unga, watu wanacheka na kula, na punde hayupo, kapelekwa kwa mume. Nikamwona kaka wa rafiki yangu naye anapakwa unga kwa sababu amefaulu, kisha sanduku lake la bati likapakiwa kwenye lori la kwenda Mtwara, shule ya bweni. Kwangu ikawa wazi kabisa kwamba unga ndio unaowachukua watu. Hata Somoe alipokuja kututembelea, amenenepa na kicheko chake kilekile, nilimwona ni mtu aliyeachiwa kwa muda tu, na sikukubali anibebe tena.

Nililelewa na Mama. Namwita hivyo kwa sababu ndiye. Alikuwa na mume, lakini mume alikwenda kukata mkonge Tanga, huko huko akapata mwingine, na Mama hakumtaja tena isipokuwa paa likivuja. Mimi hakunizaa. Nilivushwa mto nikiwa mchanga, mgongoni mwa mama yangu mzazi, aliyekuwa anakimbia vita. Naye akafa kwa homa hapo kijijini kabla sijaujua uso wake. Mama akanichukua. Kabla yangu watu walimwita kwa jina la baba yake, Binti Issa. Tangu siku hiyo akawa Mama Hadija, na hakupata mtoto mwingine. Yote hayo niliyajua, hakunificha, na hayakunisumbua kuliko kovu langu la gotini.

Kilichonisumbua ni ng'ambo. Upepo ukitoka kusini tulisikia mizinga ya Mreno, mngurumo mzito wa kutetemesha vyungu. Watu walivuka kuja kwetu wakiwa na vitanda vyao kichwani, kuku mikononi, wengine bila chochote. Palikuwa na mwanamume mmoja aliyevushwa akiwa hana unyayo. Alikanyaga bomu lililofukiwa njiani, nasi watoto tukaambiwa, "Unyayo wake umebaki huko." Mimi neno hilo nililichukua kama lilivyo. Niliamini huko kuna mahali nyayo za watu zimebaki, zimepangwa, na kwamba kila anayevuka lazima aache wake. Mpaka leo nikivua viatu huwa natazama miguu yangu kwanza. Ni ujinga, lakini natazama.

Kisha mizinga ikanyamaza. Redio ya mwenye duka ilisema vita vimekwisha, watu wakacheza ngoma, na mtaani kwetu kila mtu akaanza kusubiri mtu wake.

Mjomba alikuja asubuhi moja, Mama anakaanga korosho uani juu ya bati lililotobolewa matundu, moshi wa maganda unawasha macho. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akavua katambuga zake za matairi pembeni, akasalimu, akasema, "Namtafuta mtoto wa dada yangu. Nimeambiwa yuko kwa Binti Issa."

"Binti Issa ni mimi," Mama akasema, akaendelea kukoroga.

Mtu yule akanitazama. "Atija," akaniita. Ndivyo jina langu linavyotamkwa kwao. Sikuitika, kwa kuwa sikujua kama naitwa mimi au mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

"Dada zangu wote wamekwisha," akamwambia Mama kwa sauti ya upole. "Wa tumbo la mama yangu aliyebaki ni huyu. Sina mwingine."

Korosho zilishika moto juu ya bati na Mama hakuziona. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Akachukua ndoo ya maji akaimwaga yote mara moja, moshi ukatufunika sote watatu, na ndani ya moshi ule nikamsikia anasema, "Karibu ndani, kaka. Mtoto ni wako." Angesema nini kingine? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenyewe. Mama alilijua hilo, kijiji kilijua. Hakuna mzee hata mmoja ambaye angempa haki yeye.

Kabla jua halijakaa sawa kichwani, mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama Salima, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuja wa kwanza na bakuli la unga. Alikuwa analia kwa furaha. "Mtoto kapata ukoo wake! Vita kweli vimekwisha! Njooni mkekani hapa wote wawili!" Akanigandamizia unga utosini, mkono wake mzito na wa joto. "Nakupongeza, Hadija mwanangu. Nakupongeza, Mama Hadija."

"Tunapokea," Mama akasema, na akacheka.

Kicheko kile kilinitisha kuliko mizinga. Nilimtazama usoni, unga umemjaa kwenye nyusi, meno yote nje, nikajiambia kumbe Mama anafurahi ninavyochukuliwa. Unga ulikuwa unanidondokea puani. Sikuthubutu kupiga chafya, nikidhani nikitikisika tu safari itaanza.

Wakaendelea kuja. Waliokuja asubuhi, waliokuja wakitoka mashambani, waliokuja na watoto mgongoni. Kila mmoja alikuwa na maneno yake mazuri, na kila neno zuri lilinisogeza mtoni. Mjomba aliketi kwenye kigoda chini ya upenu, anashukuru kila mtu kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya. Aliniletea kitambaa cha maua mekundu, akanionyesha kwa vidole jinsi mama yangu mzazi alivyokuwa akisuka nywele. Ningempenda kama angekuwa amekuja kukaa. Chakula kilinikataa, na usingizini nilikuwa nimeishika miguu yangu kwa mikono.

Hatimaye nyumba zote zikawa zimekuja isipokuwa moja.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Nanjota, mwishoni kabisa kuelekea mashamba ya mpunga. Bi Nanjota na Mama walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa Bi Nanjota alipokula muhogo wetu wote wa kuanikwa na Mama akamvunja mguu kwa mchi. Mbuzi mwenyewe alikuwa bado hai, anachechemea, na kila alipopita mbele ya nyumba yetu Mama alitazama pembeni. Lakini si Mama tu, watu wengi hawakwenda kwake. Mwanawe wa pekee, Rashidi, alivuka kubeba mizigo ya wapiganaji, na hakurudi, wala hapakuja habari. Watu hawakujua waende kumpa pole au kumtia moyo, basi hawakwenda kabisa. Sisi watoto tulisema ni mchawi.

"Bado nani?" Mjomba aliuliza jioni ile. Mtumbwi aliokuja nao ulikuwa wa kuazima.

"Bado mmoja," Mama akasema. "Yeye huwa hana haraka."

Kesho yake, watu walipojilaza baada ya chakula cha mchana, nilitoka kwa nyuma na unga wangu kichwani, nikaenda kwa Bi Nanjota. Kutoka nyumbani ukiwa na unga kichwani ni mwiko, na kwenda kwa mchawi ni zaidi ya mwiko. Yule mbuzi alikuwa amelala mlangoni, akanyanyuka kwa ule mguu wake mbovu, akanifuata. Bi Nanjota alikuwa ameketi kizingitini, anachekecha unga wa mtama. Nilipouona ule unga nilirudi hatua moja nyuma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ntoto wa nani wewe?" Alinijua vizuri sana.

"Wa Mama Hadija."

"Aa. Yule ntu aliyenivunjia mbuzi wangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Umetumwa?"

"Sijatumwa."

"Basi sema, unga wangu unaingia vumbi."

Nikapiga magoti. Maneno yalinitoka yote kwa pamoja. "Usije kutupongeza, Bibi. Nakuomba. Usije."

Chekecheke ikasimama. "Unaogopa nini huko kwenu?"

"Mguu wangu."

"Una nini mguu wako?"

"Utabaki huko ng'ambo."

Nilingoja anicheke, kwa maana watu wazima wote walinicheka kwa hilo. Hakucheka. Alinitazama miguu yangu, wa kulia, kisha wa kushoto, kama anaikagua kweli.

"Nimekaa hapa siku nyingi hakuna ntu wa kunipigia hodi," akasema. "Jana usiku kaja njomba wako, kanisihi nije nipongeze upesi, ntumbwi si wake. Leo alfajiri kaja mama yako."

"Mama yangu?"

"Kapiga magoti hapo hapo ulipopiga wewe. Kasema, Bi Nanjota, nakuomba usije. Maneno hayo hayo. Kalia mpaka mbuzi akaamka."

Nilisogea upande ili nisikae juu ya mahali pale. Mama, aliyeapa mbele ya mtaa mzima kwamba hatakanyaga uwanja ule mpaka azikwe! Ndipo nilipojua kile kicheko cha mkekani kilikuwa nini, na kujua huko hakukuniondolea hofu hata kidogo. Kuliiongeza, kwa sababu kumbe tulikuwa tunaogopa wawili na hapakuwa na wa kumtuliza mwenzake.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia habari ya mbuzi wangu. Nenda nyumbani."

Alikuja siku hiyo hiyo, jua limepoa. Tulimwona tokea mbali, bakuli mkononi, mbuzi nyuma yake. Mjomba alisimama, uso umemchangamka. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma, akanyoosha mgongo pale mkekani, akainamisha kichwa tayari. Mama Salima na wengine walisogea, maana kuja kwa Bi Nanjota nyumba ile kulikuwa jambo la kushuhudia.

Alipita mbele yetu bila kutugusa. Akaenda kuketi mbele ya Mjomba, bakuli mapajani.

"Unga wangu huu hapa," akasema. "Nimeuleta uuone. Lakini nyumba yangu haiwezi kupongeza vita kwisha, na mwanangu Rashidi sijui alipo. Wewe unarudi huko. Nitafutie. Akija nzima, nitapongeza. Ukileta habari kwamba amekufa, nitakaa matanga yake, nikimaliza nitapongeza. Siku hiyo nchukue ntoto wako. Kabla ya hapo, hawa bado wanapongezwa."

Mjomba angeweza kukasirika, na haki ilikuwa yake. Lakini naye alikuwa mtu aliyezunguka kambi hadi kambi akiuliza majina ya dada zake, akajibiwa, jina moja baada ya jingine, kwamba amekufa.

"Haya, Bibi," akasema. "Nitamtafuta."

Akaondoka peke yake asubuhi, akiwa ameniachia kile kitambaa. Unga ukadondoka wenyewe siku kwa siku, bila mtu kuupangusa.

Ungedhani hofu yangu iliishia hapo. Ilibadilika sura tu. Mama alianza kunituma kwa Bi Nanjota na sahani iliyofunikwa kawa, kila alichopika. Baadaye akawa anakuja mwenyewe, wanaketi na kubangua korosho pamoja, wanagombana juu ya kila kitu isipokuwa mbuzi. Nilimchotea Bi Nanjota maji, nilimkata kucha, alinifundisha kusuka ukili. Nilimpenda. Na kila mwanamume mgeni alipotokea kwenye njia ya mtoni, mimi nilijificha nyuma ya nyumba, naye Bi Nanjota anasimama mlangoni, mkono juu ya macho, anatazama kama ni Rashidi. Mtu mmoja njiani, yeye anamwomba Mungu awe ndiye na mimi namwomba asiwe. Nilimwogopa Rashidi, mtu ambaye sikumwona maishani, na niliogopa zaidi kwamba Bibi angeyaona hayo usoni mwangu. Nadhani aliyaona.

Mjomba alikuwa akija kila baada ya mavuno. Analeta samaki wakavu, ananipima urefu kwa mkono wake kifuani, kisha anakwenda kwa Bi Nanjota kumwambia, "Bado, Bibi."

Mara ya mwisho nilikuwa nimeshakuwa msichana, nimeshafundwa. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Nanjota ninapepeta mpunga, niliposikia sauti yake upande wa mlangoni. Hakusema bado.

"Bibi, nimempata mtu aliyekuwa naye. Walikuwa wamebeba pamoja. Alikufa mwaka ule ule alioondoka. Amenipeleka mpaka mahali walipomzika, chini ya mti, nimepaona kwa macho yangu. Pole, Bibi."

Ungo ulinitoka mikononi. Mpunga ukamwagika, nikatokeza kwenye pembe ya nyumba, siwezi kukimbia wala kujificha. Nilijua hesabu yake yote: matanga, kisha bakuli la unga, kisha mtumbwi. Bi Nanjota alikuwa amekaa kizingitini. Hakulia. Aligeuza kichwa akanitazama, akatazama mpunga uliomwagika, akanitazama tena.

"Njomba," akasema, "masikio yangu yamechoka. Hujaniambia kitu."

"Bibi, nimesema Rashidi—"

"Hujaniambia kitu! Rudi ukatafute."

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona jinsi alivyoelewa polepole. Akavua kofia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Haya, Bibi," akasema. "Naendelea kumtafuta."

Alipokwenda, Bi Nanjota akaniagiza maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Nilizunguka na ndoo kisimani na kurudi. Nilimkuta ndani, kwenye sakafu ya udongo, bila mkeka, kanga imemfunika kichwa na uso, kama wanavyokaa wafiwa. Hakutoa sauti, kwa sababu sauti ingesikika kwa majirani, na majirani wangekuja kumpa pole, na matanga yangekuwa yameanza. Niliweka ndoo chini. Nikaketi ubavuni pake, nikajifunika kanga yangu kichwani, nikamshika mkono.

Mama alikuja kunitafuta, akatukuta hivyo. Aliufunga mlango, akavua viatu, akaja kuketi upande wa pili.